Mzee wa Kanisa Ni Mtu wa Namna Gani?

Mtu atokaye Bukavu kwenda Shabunda kwa barabara hufundishwa saburi na matope, na wenye uwezo huona afadhali kupanda ndege ndogo. Naye akiisha kufika Shabunda mjini, kando ya mto Ulindi, bado hajafika mwisho wa safari, kwa kuwa ndani ya msitu yamo makanisa madogo ambayo padri huyafikia mara chache tu kwa mwaka. Jumapili nyingine zote Wakristo hukusanyika pasipo padri. Nani basi hugonga ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini badala ya kengele? Nani huongoza sala, huwazika wafu, huwapatanisha mume na mke waliogombana usiku? Ni katekista, na pamoja naye wazee wa kanisa. Wakati wa vita, njia zilipofungwa, wao peke yao ndio waliobaki.

Tusidhani kwamba wazee ni jambo la Waprotestanti tu. Sisi tumezoea kusema padri, yaani baba. Lakini Wafaransa husema prêtre, na neno hilo limetoka katika Kigiriki, presbyteros, maana yake mzee. Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa walilolianzisha. Wazee wale ndio asili ya mapadre wetu. Wazee wa vijijini tunaowanena hapa hawakupewa sakramenti hiyo; ni walei. Hata hivyo wachukua sehemu ya mzigo ule ule wa kulitunza kundi. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, walipokutana Léopoldville, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, ambazo sisi wa Kivu twaziita shirika. Na shirika pasipo mzee mwema ni nyumba isiyo na nguzo ya kati.

Paulo alipomwandikia Tito juu ya kuchagua wazee, alimpa sifa nyingi. Mzee awe mume wa mke mmoja, asiwe mwepesi wa hasira, wala mlevi, wala mpenda mapato ya aibu, awe mkaribishaji wa wageni, ajue kufundisha. Tuzitazame vizuri sifa hizi. Kufundisha kumetajwa, lakini karibu nyingine zote ni mambo ambayo mashahidi wake ni mke, watoto, na jirani wa ukuta mmoja. Ukitaka kujua kama mtu afaa kuwa mzee, usimsikilize akisoma somo la Jumapili. Waulize nyumbani mwake, ukaangalie kwanza kama wanaogopa kujibu.

Babu zetu Balega hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala. Waliokuwa na heshima kuu ni wakubwa wa bwami, chama chenye vyeo vingi kimoja juu ya kingine, na cheo cha juu kabisa ni kindi. Wengi husema kwamba vyeo vile vilinunuliwa kwa mali. Ni kweli nusu. Mali ilitakiwa, na mali nyingi, lakini aliyepanda hakuiweka ghalani. Iligawanywa kwa watu. Tena mali peke yake haikutosha. Ilimpasa mtu akubaliwe na ndugu zake na wakubwa waliomtangulia, na mgomvi au mwenye kiburi aliweza kuwa na mali na asipate njia. Mke wa kindi naye alipandishwa cheo chake pamoja na mumewe, jambo ambalo mabaraza yetu ya kanisa, yaliyojaa wanaume watupu, yangefaa kulifikiri.

Serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku bwami mwaka 1948, na wamisionari wengi hawakuupenda. Sisi hatusemi Mkristo arudie kila desturi ya zamani. Twasema tu kwamba wazee wale walifundishana tabia njema kwa methali, kwa ngoma, na kwa sanamu ndogo za mti na pembe, ambazo nyingi leo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Moja yao yaitwa Sakimatwematwe, yaani mwenye vichwa vingi. Ina nyuso zinazotazama pande mbalimbali, kwa kuwa imempasa mwamuzi kuona pande zote za jambo.

Sanamu hiyo tulielezwa na mzee mmoja katika siku ambayo hatuikumbuki pasipo aibu.

Miaka michache iliyopita, katika kanisa moja dogo la msituni, mzee mkuu alifariki ikabidi kumchagua mwingine. Wawili walitajwa. Wa kwanza alikuwa mwenye mashimo ya dhahabu, yule ambaye wachimbaji humwita PDG. Alikuwa amelipa kanisa mabati, na mvua haikutunyeshea tena. Wa pili alikuwa mjane mwanamume, mvuvi, mwenye kulea wajukuu wanne. Hakuwa ametoa chochote cha kuonekana. Sisi tunaoandika haya ndio tuliokuwa karani wa mkutano ule. Tulimchagua mwenye mabati. Hakuna aliyetulazimisha.

Haukupita mwaka, mama mmoja mjane akaleta mashtaka barazani. Wachimbaji walikuwa wamekata shamba lake la muhogo na ndizi, wakafuata mchanga wenye dhahabu hadi karibu na mlango wake. Wachimbaji wa nani? Wa mzee mkuu, aliyekaa mbele kuisikiliza kesi. Akasema jambo liahirishwe. Mara ya pili akasema vile vile. Nasi tukaandika katika daftari neno "limeahirishwa", kwa mwandiko mzuri tuliofundishwa seminarini. Mara ya tatu yule mama hakuja, wala barazani wala kanisani.

Ndipo yule mvuvi aliposimama. Hakumtukana mtu. Alisema babu yake alikuwa mtu wa bwami, akatueleza habari za Sakimatwematwe, kisha akamwuliza mzee mkuu, "Ndugu yangu, wewe unatazama kwa uso upi?" Kimya kikawa kirefu. Mtu mmoja akanong'ona kwamba haifai kumshitaki mzee mbele ya watu. Lakini Paulo alimwambia Timoteo kwamba mashtaka juu ya mzee yapokelewe wakiwapo mashahidi wawili au watatu. Basi yaweza kupokelewa. Na mashahidi walikuwapo zaidi ya watatu. Kila mtu aliyepita njia ile alikuwa ameliona shimo.

Paulo huyo huyo, alipoagana na wazee wa Efeso kule Mileto, aliwakumbusha kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono yake mwenyewe ilimlisha. Sura hiyo ya ishirini ya Matendo tulikuwa tumeisoma mara nyingi. Nchi ya Shabunda ina dhahabu mchangani, na huenda hakuna pengine ambapo maneno hayo yapaswa kusomwa polepole zaidi.

Mwenye mashimo aliacha kiti chake mwezi ule. Hatutaki kumfanya kuwa mtu mbaya tu: mabati ni yake, hakuyadai, na bado twasali chini yake. Alilipa nusu ya fidia, akasema nusu nyingine wachimbaji watailipa, hawajalipa. Mvuvi alichaguliwa mahali pake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenda kwa yule mama pamoja na karani wa mkutano. Tulikwenda. Alitupa viti, akatupa maji, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amesamehe, lakini Jumapili atasali katika kanisa la kijiji cha pili, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Husali huko hata leo.