Kilo Tatu za Mama Zilikwenda Wapi?

Kila mwaka nikifika somo la umetaboli, darasa hulala. Nachora ubaoni mzunguko wa Krebs, ule alioueleza Hans Krebs mwaka 1937, na vijana wanaunakili kama namba za simu. Siwalaumu. Mimi nilipokuwa nikisomea diploma niliukariri hivyo hivyo, nikafaulu, nikausahau.

Muhula huu binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mamangu ameacha wali na mahamri, yuwafanya keto. Wiki moja kapungua kilo tatu. Hayo mafuta yamekwenda wapi?"

Darasa zima likaamka. Nikafuta ubao, tukapiga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kilo tatu ni 23,100, yaani 3,300 kila siku. Mama wa makamo hutumia kama 2,000 kwa siku, kwa hivyo hata angekaa wiki nzima bila kutia kitu mdomoni, hesabu haingefika. Basi mengi si mafuta. Ini huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, kama gramu 100, na misuli kama gramu 400. Kila gramu hushika gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yanatoka kwa mkojo. Hapo kilo mbili zimekwenda, na biriani za harusi mbili tatu zitazirudisha.

Akiba ikipungua, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo nao huzitumia. Hilo mwili wenye afya unalimudu kwa sababu insulini, hata ikiwa kidogo, inazuia mafuta yasiyeyuke ovyo. (Wauza vidonge vya "kuchoma mafuta" kwenye simu zetu hawalitaji hili, wala hawaulizi mteja ana maradhi gani.)

Mimi nikauliza. "Mamako mzima?"

"Ana sukari. Alikuwa akijidunga insulini, lakini ameiacha, anasema hali sukari tena."

Kalamu ikanishuka. Nikawaeleza upesi: breki ile ikiondoka, ketoni hufurika, damu inakuwa na asidi, mtu hutapika, huhema kwa nguvu, na aweza kuzimia na kufa.

Binti akatoka nje kupiga simu. Aliporudi akasema mama amekubali kwenda hospitali kesho.

Nikamwambia, "Rudi umpigie. Ni leo."