Kinachotokea Ubongoni Mzee Anapoanza Kupotea Njia

Mzee anatoka usiku kwenda msalani, anapatikana alfajiri kwenye boma la watu na hajui alifikaje huko. Hapa Kilifi, jambo kama hilo limewahi kutosha kumpa mtu jina la mchawi. Kituo cha Kaya Godoma, kule Ganze, kimehifadhi wazee waliokimbia makwao wakihofia kuuawa baada ya kushukiwa uchawi. Hatusemi kila mmoja wao ni mgonjwa. Lakini kutangatanga usiku na kusahau majina ya watoto ni dalili wanazozifahamu madaktari, na sababu mojawapo ni ugonjwa wa Alzheimer.

Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alianza kumchunguza mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akakuta vibonge vya uchafu kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe.

Leo tunajua vibonge hivyo ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini nyingine, tau. Seli hushindwa kuwasiliana, kisha hufa, na ubongo husinyaa. Sehemu inayoharibika mapema ni hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuweka kumbukumbu mpya. Ndiyo maana nyanya husimulia mavuno ya ujana wake bila kukosea, ilhali hakumbuki kama amekunywa chai asubuhi. Akikuuliza swali lile lile mara ya nne, hakuchokozi. Jibu lako halikupata pa kukaa. Uharibifu huu huanza miaka mingi kabla ya dalili kuonekana.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Hata hivyo mpeleke hospitalini, kwa sababu si kila anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, maambukizi au sonona vinaweza kuleta hali kama hiyo, na vinatibika. Shinikizo la damu na kisukari navyo vipimwe, kwani huongeza hatari.

Aandamane na mtu anayeishi naye, maana daktari atauliza dalili zilianza lini na mgonjwa huenda asikumbuke. Bebeni pia dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.