Umeme juu ya doa jeusi

Daktari wa ngozi akikutana na doa jeusi linalotia shaka, kwa kawaida hutegemea macho yake, akisaidiwa na lenzi, kisha kisu. Akilikata, kipande huenda maabara na hadubini ndiyo inayotoa jibu. Akiliacha, na kumbe ni melanoma, saratani hiyo hupata muda wa kusambaa. Kipimo cha umeme kimeingia kati ya jicho na kisu, na kwa maoni yangu hakistahili kuvuka mpaka huo.

Ngozi hulowanishwa kwa maji ya chumvi, kisha kichwa cha kifaa chenye ncha ndogo mno hubanwa juu ya doa na kupitisha mkondo hafifu, kuanzia mitetemo 1,000 kwa sekunde hadi milioni 2.5. Mitetemo ikiwa michache, mkondo hushindwa kupenya utando wa seli, hivyo huzunguka kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, mithili ya maji ya mvua yakitafuta njia baina ya mawe. Mitetemo ikipanda, hupenya hadi ndani. Kifaa basi hakijali rangi ya doa. Hupima dalili za umbo, ukubwa na mpangilio wa seli, mambo ambayo saratani huyavuruga. Nevisense, kifaa cha Uswidi kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hutoa alama 0 hadi 10, na kuanzia 4 ni onyo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, melanoma zilikuwa 265 nacho kikakamata 256. Lakini takriban theluthi mbili ya madoa yasiyo na saratani nayo yalipewa onyo. Mtu atauliza: mashine inayopiga kelele hivyo ina faida gani? Swali ni la haki, ila madoa yote ya utafiti huo yalikuwa yameshapangiwa kukatwa, kwa hiyo theluthi iliyobaki ni madoa ambayo yangeweza kuepushwa kisu. Zile 9 zilizoponyoka ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, na ndizo zinazokataza alama ndogo kuchukuliwa kama cheti cha uzima pale ambapo daktari mwenyewe bado ana shaka.

Kwa Afrika Mashariki kuna pingamizi zito zaidi. Kwa watu weusi melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Nevisense haikuidhinishwa kwa ngozi ya nyayo na viganja, ambayo tabaka lake la juu ni nene mno. Hospitali yetu yenye fedha za kuchagua kimoja ingefanya vyema kuanza na mtaalamu wa patholojia, kwa kuwa mgonjwa mwenye doa linalokua unyayoni atahitaji kukatwa kipande hata kama mashine iko chumba cha pili.