Vinara wa Kusafisha Majitaka

Bakteria hula uchafu wa chooni na jikoni, na kadiri wanavyokula ndivyo wanavyomaliza oksijeni iliyomo majini. Karamu hiyo ikifanyika mtoni, samaki hukosa pumzi. Ikimalizikia mtamboni, mto hupona. Hawa hapa ndio vinara.

Mbinu iliyoenea zaidi
Mwaka 1914, jijini Manchester, Edward Ardern na William Lockett walipuliza hewa ndani ya majitaka. Tope lililotuama hawakulitupa. Walilibakiza ili lifanye kazi kwenye majitaka mapya. Kwa kuwa lilijaa bakteria, kazi ya wiki kadhaa ikawa ya saa chache.

Mtambo mkubwa zaidi
Bahr al-Baqar, Misri, uliozinduliwa 2021, husafisha hadi mita za ujazo milioni 5.6 kwa siku, na umo katika rekodi za Guinness. Maji yake, mchanganyiko wa maji ya mashambani, viwandani na vyooni, zamani yaliishia Ziwa Manzala. Sasa hupitishwa chini ya Mfereji wa Suez kwenda kumwagilia Sinai.

Mto uliofufuka kwa kishindo
Mwaka 1957 wanasayansi walitangaza kuwa Thames, unapopita London, umekufa. Mitambo ya majitaka ya Beckton na Crossness ikaboreshwa, oksijeni ikarudi, na mwaka 1974 akapatikana samoni, wa kwanza baada ya miaka 140 hivi. Lakini mvua kubwa iliendelea kufurisha mabomba ya kale na kumwaga kinyesi mtoni. Handaki la kilomita 25 la kuyakinga majitaka hayo lilikamilika kuunganishwa 2025.

Bandari iliyobadilika zaidi
Boston ilikuwa ikimwaga hata tope bandarini hadi 1991. Tangu 2000, maji yaliyosafishwa kisiwani Deer Island husafiri kilomita 15 chini ya bahari kabla ya kuachiwa kwenye kina kirefu. Leo watu huogelea bandarini.

Safari ndefu zaidi
Mabwawa ya majitaka ya Ruai, Nairobi, ni kati ya makubwa zaidi Afrika; jua na mwani hufanya kazi bila mashine za kupuliza hewa. Maji yake huingia Mto Nairobi, kisha Athi, Galana na Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Ila bwawa husafisha kile tu kinacholifikia, na mitaa mingi ya Nairobi haina mabomba ya majitaka. Kwa hiyo mvuvi wa Malindi ana sababu zaidi ya kuuliza ni nyumba ngapi Nairobi zimeunganishwa, kuliko kuuliza ukubwa wa mabwawa.