Si joto la Maskati: kompyuta mpya inayokufa ghafla na namna ya kuisaka memori mbovu



Watu watatu wameniuliza jambo hili hili kwa siku mbalimbali, na kila mmoja nimemjibu nusu nusu kwenye simu, basi bora niliandike mara moja kwa kirefu. Nitangulize kusema kwamba mie si mtu wa kompyuta. Udaktari wangu ni wa isimu, niliupatia Ulaya zamani, na haya ninayoyajua juu ya memori nimeyajua kwa kulazimika tu.

Kisa chenyewe. Mashine yangu ya zamani ilikuwa imeshachoka, na mpwa wangu anayesoma uhandisi akanambia, "Mjomba, usinunue iliyofungwa tayari, tuunganishe wenyewe, utapata nzuri kwa bei hiyo hiyo." Tukenda Ruwi, kwenye ule mtaa wa maduka ya kompyuta, tukanunua kimoja kimoja: prosesa, madabodi, boksi, pawa saplai, na vibao viwili vya memori aina ya DDR5, kila kimoja gigabaiti 32. Jioni moja tukaiunganisha juu ya meza ya kulia, mke wangu anatutazama kwa jicho la "mtaila wapi leo?" Ikawaka. Tukapeana mikono.

Siku ya tatu ikaanza kufa. Unaandika, ghafla skrini ya makosa (zamani ikiitwa ya buluu, Windows za karibuni wameifanya nyeusi), halafu inajiwasha upya. Mara inatoa namba 0x1A, mara 0x50, mara 0xA. Siku nyingine haifi kabisa, siku nyingine mara nne kabla ya adhuhuri.

Hapa ndipo jambo la mwanzo la kulijua. Kosa la programu moja mbovu aghlabu hurudi vile vile, na mara nyingi hutaja faili lile lile. Memori mbovu haina adabu hiyo. Leo imeharibu kipande cha Windows, kesho cha kivinjari, kesho kutwa cha picha ya harusi, kutegemea nani kapangishwa kwenye kile chumba kibovu saa hiyo. Kwa hivyo ukiona namba za makosa zinabadilika badilika bila mpango, na mashine ni mpya, anza na memori kabla hujaanza kufuta na kuweka Windows upya. Mie niliiweka upya mara mbili. Siku mbili za maisha yangu hizo.

Kila niliyemweleza alinijibu neno moja: joto. "Hii Maskati bwana, mashine itavumilia vipi?" Na kweli joto tunalo. Juni 2018 pale Quriyat, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ilipita siku nzima na usiku wake joto halikushuka chini ya digrii 42.6. Lakini kompyuta yangu haikai barabarani, inakaa chumbani na AC. Vibao vya DDR5 vina kipimajoto chao wenyewe ndani, na changu kilikuwa kikisoma 46 au 47, na chipu hizi kwa kawaida zimetengenezwa zifanye kazi mpaka 85. Tena mwaka 2009 Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na wenzake wa Google walitoa utafiti uliofuatilia seva za Google kwa takriban miaka miwili na nusu: zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya memori vilionyesha makosa ndani ya mwaka, lakini joto, katika viwango vya kawaida, likaonekana kuchangia kidogo sana. Nilifurahi niliposoma hayo, maana tumezoea kulibebesha joto kila kitu, mpaka uvivu wetu wenyewe.

Sasa vipimo. Ndani ya mfumo muna programu ndogo ya kujaribu memori, nikaiendesha, ikasema hakuna tatizo. Usitosheke nayo ikiwa mashine bado inakufa. Pakua Memtest86+ (iko nyengine yenye jina karibu hilo hilo, MemTest86, nayo pia inafaa), itie kwenye flashi, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo. Faida yake ni kwamba inafanya kazi kabla ya Windows kuamka, kwa hivyo inaikuta nyumba karibu yote tupu na inaweza kuingia kila chumba: inaandika kitu, inarudi kusoma, inalinganisha. Iwache ipite duru nne, usiku kucha. Yangu ilipita duru ya kwanza safi kabisa, nikaanza kumtuhumu mpwa wangu; katika duru ya pili makosa yakamiminika mia na kitu. Na kwenye memori hakuna "makosa machache yanayokubalika". Moja tu linatosha kukwambia kuna ugonjwa.

Lakini makosa hayo bado hayasemi mgonjwa ni nani. Anaweza kuwa kibao, sloti kinamokaa, prosesa, au mipangilio tu. Mipangilio ndiyo ya kuianza kwa sababu ni bure. Memori inayouzwa kwa kasi ya 6000 kwa kawaida si 6000 ya kiwanda. Kasi yake ya msingi mara nyingi ni 4800 kwa volti 1.1, na hiyo 6000 inapatikana ukiwasha ndani ya bayosi kitu kinachoitwa EXPO au XMP, ambacho huongeza na volti. Ni kama kumpandisha punda mzigo wa ngamia, wako punda wanaoweza. Kizime, pima tena. Makosa yakitoweka kabisa, kibao pengine si kibovu, ila hakiwezani na kasi hiyo kwenye prosesa yako. Na wale mliotia vibao vinne mkidhani mnajineemesha: prosesa za Ryzen 7000, kwa maelezo ya AMD wenyewe, zinaahidi 5200 kwa vibao viwili lakini 3600 tu kwa vinne. Toeni viwili kwanza, kisha tuzungumze.

Mie nilipozima EXPO makosa yalipungua yakawa kumi na moja. Hayakwisha, na anwani ilikuwa ile ile. Basi tukaingia kazi ya mikono. Zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha boksi utoe umeme wa mwilini, toa vibao vyote. Rejesha kimoja peke yake kwenye sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa (ndiyo madabodi nyingi zinayoitaka, lakini soma kitabu chake), bonyeza mpaka kilie "ta!". Ukiwasha, usishtuke skrini ikikaa nyeusi dakika kadhaa: DDR5 ikihamishwa inajifunza upya kuzungumza na prosesa. Watu wengi huzima hapo wakidhani wameiua.

Kibao cha kwanza: duru nne, safi. Cha pili, sloti ile ile: makosa. Hapo mpwa wangu akasema tumemkamata, nikamwambia bado, tumhamishe. Tukakitia kibao cha pili kwenye sloti nyengine, makosa yakamfuata. Kizima tukakipeleka sloti hiyo hiyo, safi. Kosa linalomfuata kibao ni la kibao. Kosa linalobaki kwenye sloti huku vibao vinabadilishwa ni la madabodi, au la pini za soketi ya prosesa zilizopinda. Nilipiga picha kila matokeo kwa simu.

Sasa lile lililonikosesha usingizi. Mashine ile niliinunua kwa ajili ya kaseti 61 za mahojiano na wazee waliotoka Unguja na Pemba, waliokuja huku baada ya 1964 na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki, na baadhi ya kaseti zimeshaliwa na unyevu. Nakala zilikuwa kwenye diski ya nje, nikazihamishia kwenye kompyuta mpya wiki ile ile ya mwanzo, na diski nilikuwa nimeshamuahidi mtu. Faili linalonakiliwa hupita kwenye memori. Likipita kwenye chumba kibovu, biti moja inaweza kugeuka, na hakuna kengele itakayolia. Huko Schaerbeek, Ubelgiji, mwaka 2003, mgombea mmoja alipata kura 4096 za ziada kwenye kompyuta, na maelezo yaliyokubaliwa ni biti moja tu iliyogeuka. Walishtukia kwa vile hesabu haikuwezekana. Sauti ya mzee ikikwaruza kidogo nani atashtuka?

Nikapima alama ya kila faili kwa amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows. Kwanza nilifanya ujinga wa kupima kwenye mashine ile ile mbovu, faili moja likanipa alama mbili tofauti kwa mara mbili. Bila shaka, kipimo nacho kinapita kwenye memori hiyo hiyo! Nikatoa kibao kibovu, nikapima upya pande zote mbili. Faili 58 sawasawa, matatu yametofautiana. Moja lilikuwa la bibi mmoja wa Wete anayeeleza safari ya jahazi.

Dukani fundi aliijaribu dakika ishirini, akasema, "Doctor, it is okay, only heat." Nikamtolea picha za simu, na saa iliyoonyesha kwamba makosa yanaanza baada ya dakika arubaini. Akamwita mkubwa wake. Walibadilisha vibao vyote viwili, na ndivyo inavyotakiwa, maana vinauzwa vikiwa vimepimwa pamoja. Usikubali kurejeshewa kimoja.

Vipya vilipita duru nne usiku mmoja, na EXPO imewashwa. Asubuhi nikayanakili upya yale mafaili matatu kutoka kwenye diski ya nje, nikapima alama, zimeoana. Yule niliyemuahidi diski nimemnunulia nyengine.