Someni Tundu Kwanza, Ndipo Mnunue Waya

Ninyi mlio darasani, sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na kalamu na daftari. Leo tutajifunza namna ya kuunganisha skrini ya nje na kompyuta mpakato, ile ambayo watu wengi huiita laptopu. Wengi hudhani kazi hii ni ya fundi peke yake. Sivyo. Sehemu yake kubwa ni kusoma herufi chache, na herufi hizo ninyi mmekwisha kuzijua.

Tuseme mama mmoja ana duka pale Tangi Bovu, Mbezi Beach. Hesabu za duka huziandika katika kompyuta mpakato. Skrini yake ni ndogo, na jioni shingo humuuma kwa kuinama. Sasa ataka skrini kubwa. Je, apande gari moja kwa moja mpaka Kariakoo? La. Kwanza aitazame kompyuta yake ubavuni, asome matundu yake. Akinunua waya usiofaa atapoteza fedha mara mbili: bei ya waya, na nauli ya kurudi tena mjini.

Matundu ya picha yanayoonekana sana ni ya namna tatu. Andikeni.

La kwanza ni HDMI. Ni bapa, na pembe zake mbili za chini zimekatwa kidogo. Waya wake hupitisha picha na sauti pamoja.

La pili ni VGA. Ni pana, lina vijitundu 15 katika safu tatu, na huku na huku pana mahali pa kukazia skrubu. Hili ni la zamani. Lilianza mwaka 1987. Hupitisha picha tu, sauti hapana.

La tatu ni USB-C. Ni dogo, nalo limeviringika pembeni, kama tundu la kuchajia simu nyingi za siku hizi. Hapa angalieni sana: si kila tundu la namna hii hupitisha picha. Mengine ni ya kuchajia na kuhamisha mafaili tu. Basi nendeni dukani na kompyuta yenu, muuzaji aijaribu mbele ya macho yenu.

Huenda kompyuta ina HDMI, na skrini ina VGA tu. Hapo waya mtupu hautoshi. Sharti pawe na kigeuzi, yaani kifaa kidogo kinachobadili picha ya tundu moja ikubaliwe na tundu la pili.

Kabla ya kulipa, geuzeni skrini msome maandishi ya umeme yaliyo nyuma yake, au juu ya adapta yake. Skrini nyingi zilizokwisha kutumika hutoka nchi za nje. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Wa Marekani ni volti 120, na wa Japani ni volti 100. Mkiona 100-240V, skrini itafaa. Mkiona 120V peke yake, msiichomeke kwenye umeme wetu. Itaungua.

Haya, sasa tuunganishe. Zimeni skrini na kompyuta. Chomekeni waya wa picha pande zote mbili, wala msiulazimishe. Ukikataa, geuzeni upande. Kisha washeni skrini, halafu kompyuta.

Skrini ikibaki nyeusi, msiseme imekufa. Tafuteni kitufe chake cha kuchagua tundu, mbonyeze mpaka yatokee maandishi yaliyo sawa na ya tundu mlilotumia. Kisha, kama kompyuta ni ya Windows, bonyezeni pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi P. Patatokea machaguo manne. La kwanza: picha hubaki kwenye kompyuta tu. La pili: picha moja huonekana kwenye skrini zote mbili. La tatu: skrini mbili huwa kama meza moja ndefu, hesabu huku, barua kule. La nne: picha huenda skrini ya nje tu.

Mezani, ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho, nayo iwe mbali kadiri ya urefu wa mkono. Mbezi Beach jua huchomoza upande wa bahari. Kwa hiyo dirisha liwe ubavuni mwa skrini, lisiwe mbele wala nyuma yake. Tena upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Baada ya kazi, ifunikeni skrini kwa kitambaa kikavu, ikiwa imezimwa na kupoa.

Umeme ukikatika, skrini ya nje huzimika papo hapo, kwa kuwa haina betri. Lakini kompyuta mpakato yenye betri nzima huendelea, na hesabu za mama yule hazipotei.

Sasa jibuni katika daftari:
1. Ni tundu gani halipitishi sauti?
2. Kwa nini tusome maandishi ya umeme kabla ya kulipa?
3. Skrini ikibaki nyeusi, tufanye nini kwanza?

Someaneni majibu yenu kwa sauti. Kwaherini, ndugu wanafunzi.