Barua za Faragha za Shaaban Robert na Thamani Yake kwa Uchunguzi

Wasifu na barua ni vitu viwili mbalimbali, ingawa vyaweza kutoka katika kalamu moja. Mwandishi wa wasifu hukumbuka, huchagua, kisha huwakabili wasomaji asiowajua. Mwandishi wa barua humwandikia mtu mmoja amjuaye, naye hajui bado mambo yatakavyokwisha. Hapo ndipo ilipo thamani ya barua ambazo Shaaban Robert alimpelekea nduguye, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, na ambazo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilizichapisha mwaka 2002.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki 1962. Tangu 1926 alikuwa karani wa serikali, kwanza katika forodha, na kazi ikamhamisha mahali hata mahali. Uhamisho ni mzazi wa barua: wakaao nyumba moja hawaandikiani. Barua hizi zaanza kabla hajatoa kitabu hata kimoja, nazo zaendelea hata baada ya *Maisha Yangu* (1949) na *Kusadikika* (1951) kumpa jina kubwa. Kwa hiyo zamwonyesha mtu kabla hajageuka kuwa mnara.

Yafaa zisomwe pamoja na *Maisha Yangu*. Katika kitabu hicho mna Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe. Umbo lake ni wasia wa baba nyumbani, lakini umepimwa kwa vina na mizani ili usomwe na umma. Barua kwa ndugu haina wajibu huo. Hata hivyo, kosa litakuwa kudhani kwamba kila lililo la faragha ni kweli tupu. Barua nayo ina adabu zake: salamu, kuulizana hali, heshima ya umri. Tena ni nusu ya mazungumzo. Asiyesikia nusu ya pili sharti ahukumu polepole.

Mfano wa mbali waonyesha hatari nyingine. Benjamin Disraeli, mtunga riwaya aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1868, na tena 1874 hadi 1880, alimwandikia dada yake Sarah barua nyingi. Ndugu yao Ralph alizitoa chapa katika 1885 na 1886. Wataalamu walipozilinganisha na nakala za asili, kwa ajili ya toleo kamili lililoanza kutoka Toronto mwaka 1982, waliona kwamba Ralph alikuwa amekata maneno, amebadili mengine, na kuunga barua mbalimbali zikawa moja. Alilinda heshima ya jamaa. Aliyepata hasara ni mwanahistoria. Funzo ni kwamba kitabu kilichochapwa, hata kiwe kizuri namna gani, hakiondoi haja ya kutunza karatasi zenyewe.

Kwa mwanaisimu haja hiyo ni kubwa zaidi. Tahajia, vituo, maneno ya nyumbani na tarehe ndivyo vitu ambavyo mhariri husahihisha upesi, navyo ndivyo vinavyoonyesha jinsi Kiswahili kilivyoandikwa na wenyewe wakati Kiswahili Sanifu kilipokuwa kikienezwa tangu 1930.

Wala kazi hii haiishii kwa mwandishi mmoja. Mlalo, katika milima ya Usambara, misheni ya Kilutheri ilianza 1891, na shule zikafuata. Vijana wakashuka kutafuta kazi mashambani na mijini. Mahali pa namna hiyo barua huwa zipo masandukuni, zimeandikwa na watu wasio na jina vitabuni. Mchwa na unyevu wa mlimani havingoji mtaalamu. Shaaban Robert alikuwa na bahati ya kuwa na ndugu aliyetunza karatasi. Aliye na sanduku la babu yake na aulize lina nini kabla halijafagiliwa.